Nukta Niliyoifuta kwa Mkate

Kwa miaka mingi nilikana kwamba naijua maana ya nukta. Nilikana mbele ya wakubwa wangu wa kazi, mbele ya kamati moja ya uchaguzi, mbele ya mwanamke wa Mubi ambaye mtamjua hapa chini, na mara moja mbele ya padri, ingawa yeye hakuwa ameniuliza. Ukweli ni kwamba niliijua tangu juma langu la kwanza kazini. Mwaka jana nilistaafu. Sina tena kashe ya kulinda, maana muhuri ule niliukabidhi kwa sahihi tatu, kwa hiyo naweza kusema.

Nukta yenyewe ni ndogo. Ninyi makarani mlioachiwa biro, ofisi yetu ya Mubi, mkifungua rejista za zamani za eta sivil, zile za vizazi, ndoa na vifo zilizomo kabatini mwenu, mtaona upande wa kushoto wa baadhi ya majina, kabla ya namba, kitone cha penseli kisichozidi jicho la siafu. Espérance, aliyeishika meza yangu, ananiambia kwamba vijana kati yenu walidhani ni mavi ya inzi. Laiti ingekuwa hivyo.

Nilifika Masisi nikiwa na shahada ya historia na viatu visivyofaa. Kazi yangu ya kumaliza masomo ilihusu biashara ya watumwa mashariki mwa nchi yetu, na jinsi ilivyozizaa tawala zilizofuata. Kurasa tisini, na tanbihi karibu sawa na maandishi. Mwalimu aliyenisimamia aliandika pembeni: "Ana bidii." Katika kurasa hizo nilithibitisha, kwa Kifaransa kizuri, kwamba utumwa hauishi siku kamba inapofunguliwa. Kisha nikaajiriwa mahali ambapo utumwa huo ulikuwa bado unafanya kazi saa za ofisi, nikakaa nao meza moja, na sikuutambua. Masomo yana faida yake, lakini si lazima iwe ile uliyoitegemea.

Biro ya huko ilikuwa chumba kimoja cha matofali kwenye njia ya Kibabi. Dirisha moja lilitazama malisho ya ng'ombe, na lingine, kwa sehemu kubwa ya mwaka, lilitazama ukungu. Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Léonard, karani mwembamba aliyevaa koti hata jua likiwaka, mtu wa adabu ambaye sijapata kumsikia akipandisha sauti. Mezani kwake palikuwa na rula ya chuma, wembe, pedi ya wino wa kashe aliyoihuisha kwa tone la mafuta ya taa, na kipande cha mkate kilichofunikwa kwa karatasi.

Wembe ulikuwa wa kufutia wino. Unakwaruza taratibu, ukifuata nyuzi za karatasi, kisha unasugua kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Mkate ulikuwa wa kufutia penseli, au kreyo kama tunavyosema sisi. Unachukua kiini tu, unakifinyanga kama kidonge, unakibingirisha juu ya alama.

"Mukate ya jana," alinionya. "Ya leo hapana. Ya leo iko na mafuta, itaacha doa, na doa inashitaki muntu."

Sisemi hayo kwa kuwapendeza wazee. Mtakuja kuona kwamba laiti ningelisikia somo lile moja, msingekuwa mnasoma ukurasa huu.

Siku ile ile aliingia mzee mmoja, Papa Damien, aliyeshuka kwa miguu kutoka milima ya Rubaya. Alitaka karatasi ya asili, ile inayosema huyu ni mtoto wa fulani, wa kijiji fulani, wa udongo fulani. Bila hiyo hupati kitambulisho, hupigi kura bila maneno, na ukigombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, umeshashindwa kabla hujafungua mdomo. Papa Léonard alifungua rejista, akatazama, akafunga.

"Papa, rudia lundi."

Mzee alishukuru, akavaa kofia, akatoka. Mimi nilitazama kalenda ukutani. Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, ndiyo lundi yetu.

"Papa Léonard, leo njo lundi."

"Njo maana nimemuambia lundi. Akirudia lundi, utamuambia lundi. Lundi haziishe."

"Juu ya nini?"

Alifungua tena ukurasa ule, akanionyesha kitone kwa ncha ya wembe. "Huyu hana pa kutokea. Iko bantu banasema ni wa hapa, iko bantu banasema hapana. Wewe usiseme kitu. Kalamu inaandika, kreyo inakumbusha."

"Nani aliiweka?"

"Nilikuta iko. Na ule wa mbele yangu alikuta iko."

Kwa kuwa nilikuwa na bidii, nilifuatilia. Haikuwa kazi ngumu. Rejista za kwanza za nchi huru zilinakiliwa kutoka kwenye madaftari ya Wabelgiji, na makarani wetu, watu waaminifu, walinakili kila kitu, pamoja na nukta. Katika madaftari yale, nukta ilimaanisha mtu asiye na ukoo wa kumdhamini. Kwanza walikuwa wale walioachwa njiani na misafara ya watumwa, kisha watoto wao. Baadaye wakaongezwa wale ambao Wabelgiji wenyewe waliwaleta kwa malori kutoka ng'ambo ya mpaka kulima chai na pareto, bila kuwauliza kama wanapenda chai. Ni watu wa aina mbili ambao hawakuwahi kukutana. Mmoja alifungwa kamba shingoni na mwingine alipimwa pua na urefu, na wote wakatiwa kitone kile kile.

Halafu nchi ikawa huru. Ilikuwa changa, na kama kila mtoto ilitaka kujua ndugu zake ni nani. Palikuwa na kura za kupigwa, machifu wa kuwekwa, mashamba ya kugawa. Badala ya kuwauliza watu, ikaazima daftari la yule aliyewahesabu kama mizigo. Nimewaona wanasiasa wa kila upande wakiingia katika biro ile, na wote walikuwa na adabu. Aliyekuwa na kiti alitaka nukta zilizopo zihifadhiwe. Aliyekikosa hakutaka zifutwe. Alitaka ziongezwe kwa wengine. Sikumwona hata mmoja aliyekuja na mkate.

Na mimi, je, niliongeza? Najua mnatarajia niseme hapana. Niliongeza nne. Sikuambiwa kwa maneno. Mkubwa alisimama nyuma yangu akasema, "Hawa nao, Mama, tunawafahamu vizuri?" Mkono wangu ukaokota penseli wenyewe.

Papa Damien alirudi Jumatatu nyingi. Nilimpokea mimi, maana Papa Léonard aliamini kwamba kijana hujifunza kwa kutenda. Mara moja nilimuuliza, kwa ujinga wa mtu aliyesoma, kama ana ushahidi kwamba alikulia pale. Alinionyesha mikalipitusi nje ya dirisha, mirefu kuliko kanisa.

"Unaona ile miti? Mi nilisaidia kuipanda. Mi niko mukubwa yake. Sasa yenyewe iko ya hapa, na mi hapana?"

"Rudia lundi, Papa."

Mara ya mwisho alikuja na kigoda chake, akakiweka kando ya mlango. "Endelea na kazi, mama. Mi nangojea lundi hapa hapa." Alikaa hadi tulipofunga. Baada ya hapo sikumwona, mpaka binti yake alipokuja kuandikisha kifo. Tulimwandika bila kusita, maana rejista ya vifo haiulizi asili. Palipoandikwa mahali pa kuzaliwa, binti alisema "hapa," nami nikaandika hapa, nikapiga kashe. Ilikuwa karatasi ya kwanza ya Papa Damien, na aliipata siku ya Alhamisi.

Vita vilipopanda kilima chetu, tulikimbia na tulichoweza. Nilibeba rejista mbili mgongoni kwa kitenge, kama mapacha, na njiani wanawake waliniuliza watoto wana umri gani. Papa Léonard aliificha kashe ndani ya soksi, akachechemea nayo hadi Sake, akaikabidhi kwa sahihi. Huko alibaki kwa mwanawe, na huko alifia. Sina neno baya juu yake. Alinifundisha kazi vizuri, na hapo ndipo penye shida.

Baada ya miezi ya kukaa bure nilipelekwa wilaya ya Walikale, kwenye biro ya Mubi. Kwa upande wa baba, huko ndiko kwetu. Lori letu lilikwama siku mbili katika tope, na nilipofika nilikuta maduka ya chumvi na betri, pikipiki zenye mizigo ya watu wa machimbo, mvua, na kabati la rejista lililonuka uyoga. Mchwa walikuwa wamekula majuzuu mawili. Lililobaki zima lilikuwa lenye kijiji cha babu yangu. Mchwa hawana huruma.

Lazima nieleze desturi moja, maana kila kitu kinasimama juu yake. Kwetu, mtu aliyepokelewa katika ukoo, hata kama alikuja amenunuliwa, hata kama aliachwa na msafara akiwa mgonjwa, siku akipewa jina na shamba, mambo yamekwisha. Ni mwiko kutaja alikotoka. Mwenye kutaja, hata kwa mzaha, hata akiwa amelewa kasiksi, hulipa mbuzi. Mbuzi huyo huliwa na wote, pamoja na yule aliyetajwa, na kiwele kinakuwa chake. Kwa hiyo nilikua nikijua tu kwamba babu ni babu. Ndugu yangu Sylvain ni mshauri wa mwami, chifu wetu, yeye ndiye anayesimama kati ya watu wakigombania mashamba, na anaanza kila hukumu kwa kusema, "Sisi wenye udongo."

Nilifungua ukurasa wa kijiji wakati wa chakula cha mchana, nikiwa peke yangu, chai upande mmoja na mkate upande wa pili. Nilitaka tu kuona mwandiko wa zamani. Jina la babu lilikuwa mstari wa tano. Baba yake: hajulikani. Mama yake: jina moja tu, la Kiswahili, si la msituni. Kushoto kwake, kitone.

Nilielewa papo hapo. Niliandika kurasa tisini juu ya mama yule bila kujua jina lake. Misafara ya wangwana, watu wa pwani, ilipita huko ikitafuta pembe na watu, na Kiswahili hiki hiki ninachoandikia kilifika Walikale pamoja nayo, kinywani mwa wenye bunduki na kinywani mwa waliofungwa. Sisi tumerithi maneno, na hatuulizani yalitoka kinywa kipi.

Nilitazama mlango. Nikachukua kiini cha mkate, nikakifinyanga, nikakibingirisha juu ya nukta ya babu hadi ikaisha. Mistari miwili chini yake palikuwa na jina lingine, baba hajulikani, mama mwenye jina la Kiswahili, na nukta. Sikuigusa. Mkate ulikuwa unatosha. Uliobaki niliula.

Jina lile la mstari wa saba lilikuwa la babu yake Mama Furaha.

Mama Furaha alikuwa na duka la mawese na sabuni karibu na kituo cha pikipiki. Yeye na wanawake wenzake ndio waliotengeneza daraja la mbao lililokuwa likizamisha malori, wakati wanaume wa kamati ya daraja walikuwa bado wanachagua katibu. Ulipokuja uchaguzi wa washauri wa mahali, watu walimwambia agombee. Sheria haikumdai karatasi ya asili; mazoea yalimdai. Alikuja kwangu asubuhi, amevaa kitenge kipya.

"Mama, nimekuja kukusumbua kidogo tu. Ni karatasi moja."

Nilifungua ukurasa nilioujua kwa moyo. Nikasema kilichosemwa na mdomo wangu kwa miaka yote ile.

"Rudia lundi, Mama Furaha."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi. "Lundi gani, Mama?"

"Ya kwisha juma."

Alirudi Jumatatu iliyofuata, na nyingine. Mwishowe wapinzani wake walichoka kungoja wakaita kamati ya kupokea majina, na kamati ikaniita mimi na rejista. Ukumbi ulikuwa darasa la shule, na tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda hadi kifuani. Mwenyekiti aliniuliza kama pembeni mwa jina la babu yake mama huyu kuna alama.

"Iko alama."

"Maana yake?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kwamba hakuna sheria ya nchi inayoijua nukta ile, kwamba ni tabia ya makarani, na kwamba kama ni sababu ya kumzuia mtu basi na mimi niondoke mezani. Nilikuwa nimeandika tanbihi za kutosha kuhusu jambo hilo.

"Sijui," nilisema. "Nilikuta iko."

Darasa likacheka, kwa sababu wote walijua. Hakuna aliyetaja alikotoka mtu, mbuzi hakulipwa. Tazameni ufundi wake: mdomo ulitozwa mbuzi, penseli haikutozwa kitu. Mjumbe mmoja wa upande wa pili alizungukia mbali, akasema kama mtu anayesema methali, "Mupagazi hagombee kiti. Mupagazi anabeba."

Mama Furaha alisimama, akakunja kitenge vizuri. "Haina maneno. Nitababeba na nyinyi. Muko bepesi."

Walicheka tena, safari hii si wote. Jina lake halikupokelewa. Tangu siku ile kila siku ya soko alinisalimu kwa sauti, mbele ya watu, kwa heshima zote: "Jambo, Mama wa Lundi." Jina likanishika. Watoto wa shule waliliimba. Niliwaambia wageni kwamba ni kwa sababu nilizaliwa Jumatatu.

Nilifanya kazi miaka mingine kadhaa. Nilisajili watoto wa wakimbizi juu ya mapipa ya mafuta, nilifundisha vijana wawili kutumia wembe, na siwezi kuwaambia kwamba niliacha kusema neno lile. Nililisema kwa sauti laini zaidi. Kisha nikastaafu, nikapewa saa ya ukutani na kanga ya maua, nikahamia nyumba yangu ya Walikale mjini.

Miezi michache iliyopita Espérance alinipigia. Mnajua kwamba sasa mnaingiza rejista zote katika kompyuta, siku jua likiwa la kutosha kwa paneli. Alikuwa amefika kwenye ukurasa ule.

"Mama, iko kisanduku cha maoni. Bantu ba kamati banasema tuandike mule wenye nukta. Mama Furaha ameomba tena karatasi, anataka kugombea. Banasema tusipoandika, tunaficha. Sasa mi nauliza: hizi nukta ni kitu gani?"

Nilihamisha simu sikio la pili.

"Na iko kingine. Hapa mustari wa tano, iko doa. Kama ya mafuta. Mwenyekiti aliweka karatasi kwa jua, akasema kuna muntu alifuta. Anasema labda ni Mama Furaha njo alitoa rushwa, wakakosea mustari."

Mukate ya leo iko na mafuta. Karibu nicheke. Papa Léonard alikuwa kaburini Sake, na bado ananisahihisha.

"Usiandike kitu kwa kile kisanduku," nilisema. "Ningojee. Nitakuandikia barua."

"Lundi?" aliuliza Espérance. Hakuwa anachekesha, kwake ni neno la ofisi tu.

"Kesho," nilisema.

Sylvain alisikia kabla barua haijaandikwa, kwa maana nilimwita mwenyewe. Alikuja kwa pikipiki, na kofia yake ya mshauri ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Nilimsomea nilichokusudia kuandika: kwamba nukta haina sheria, kwamba makarani tuliirithi kama tunavyorithi meza, kwamba ilikuwa pia kwenye jina la babu yetu, na kwamba ni mimi niliyeifuta hiyo moja na kuiacha ya mstari wa saba.

"Dada, andika ile ya sheria," alisema. "Ile ya babu acha."

"Nikiiacha, doa inabaki ya Furaha."

"Na ikitoka, mi nabaki nani? Kesho nikisimama kwa shamba ya muntu, ataniambia: kwanza wewe, uko wa wapi?"

"Utamuambia ulizaliwa hapa."

"Ile haitoshe!"

"Hapana," nilikubali. "Haikumutosha Papa Damien."

Hakumjua Papa Damien. Nilimweleza, pamoja na kigoda. Alisikiliza akizungushazungusha mfuko wa kofia. Mwishowe alisema jambo ambalo nililitegemea kutoka kwa mshauri wa mwami.

"Ukitaja, utalipa mbuzi. Hata kama ni babu yako. Sana sana kama ni babu yako."

"Nitalipa."

"Mukubwa," alisema. "Si kile kitoto ulileta kwa ndoa ya mutoto wangu Riziki."

Barua iliandikwa kwa kalamu, kurasa mbili, bila tanbihi. Niliipeleka Mubi mwenyewe, na mbuzi dume mwenye ndevu nyuma ya pikipiki ya pili, amefungwa vizuri kuliko mimi. Barua ilisomwa na Espérance katika darasa lile lile. Mwenyekiti aliisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mwandishi yuko na akili timamu, nikasimama kuthibitisha. Mbuzi alichinjwa kijijini jioni ile. Sylvain alikata nyama kwa mkono wake, na kiwele, au tuseme kinachoshika nafasi yake kwa dume, alikiweka kwenye sahani yake mwenyewe, maana ndiye aliyetajwa. Watu watatu hawakuja kula. Mmoja wao, naambiwa, amemwondolea Sylvain kesi ya shamba akaipeleka kwa mshauri mwingine. Hilo bado linaendelea, na silisemi kama jambo dogo.

Mama Furaha naye hakuja. Alisema ana mzigo wa sabuni njiani. Nilirudi Walikale bila kujua kama amepata karatasi au la, nikakaa siku kumi nikijifanya kwamba simu yangu haina kazi. Nilikuwa napepeta maharage ilipolia. Namba sikuijua.

"Mama wa Lundi?"

"Ni mimi."

"Nimepata. Iko hapa kwa mukono. Iko na kashe, iko na sinyatire, ule mutoto wako wa biro Espérance ametia mukono. Kwa kile kisanduku hakuna kitu. Keupe kabisa."

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha, ya mtu wa chuo kikuu, yenye utangulizi. Niliyaanza. Alinikatiza katikati ya utangulizi.

"Ile ya babu yako bananisomea kama habari mpya. Mama, ile nilijuaga tangu mutoto. Bibi alituonyeshaga: nyumba hii na nyumba ile, bamama zao walifika siku moja, kamba moja. Siku ile ya kamati nilikuwa naangalia tu mukono yako vile inafunika rejista."

Nilikaa juu ya gunia. "Ulijua? Na ulinyamaza? Neno moja tu, Furaha. Ungesema neno moja tungekuwa sawa, mimi na wewe na Sylvain na wote."

"Kusema njo mbuzi, Mama. Sikukuwaga na mbuzi."

Alicheka, na nyuma yake nikasikia pikipiki na mtu anayeuliza bei ya mawese. Alimjibu yule mtu kwanza, akahakikisha amefunga vizuri chupa. Kisha akarudi kwenye simu.

"Na leo njo lundi," alisema. "Umeona? Nimerudia."